Kwa Nini Matavera Hufunguka Kwanza

Jumatatu, 2 Julai 2007

Mama Upokoina kapiga simu saa moja asubuhi. Mtu akikupigia saa moja asubuhi, ujue jambo lenyewe alishalipanga jana.

Kasema ukurasa wangu wa mtandaoni, wa mashindano ya tivaevae, yale mashuka yetu ya kushonwa kwa mkono, una kasoro. Ukurasa wangu. Nimeujenga mwenyewe kwa wiki sita, nikifuata kitabu cha maktaba ambacho sura yake ya nne imeliwa na mende. Juu kuna vichupo vitano, kama vile vibandiko vya kwenye mafaili ya ofisini, kila kijiji na chake. Ukibofya Nikao, picha za tivaevae ya Nikao zinatokea na za wengine zinajificha. Ukibofya Arorangi, vivyo hivyo. Chini kuna kitufe cha kupigia kura. Mtoto mdogo anaelewa.

Eti kuna mtu wa Melbourne alibofya Nikao akaletewa Nikao na Arorangi pamoja, moja imebebwa mgongoni na nyingine. Na mwingine wa Sydney hakuona kitu ila weupe mtupu. Nikauliza majina ya watu hao. Mama Upokoina akasema majina hayahusu. Nayaandika hapa kama alivyoyasema: majina hayahusu.

Kisha akauliza kwa nini Titikaveka ndiyo inayofunguka kwanza. Nikamweleza kwamba nimefuata barabara ya kuzunguka kisiwa, kuanzia nyumbani kwangu. Akasema yeye ni mwenyekiti na kamati yake imeamua: vijiji vifuate alfabeti ya Kimaori, na ukurasa utarekebishwa na Rouru.

Rouru! Binti wa dada yangu Moeroa. Mwalimu wa kompyuta, karudi kutoka Wellington mwaka juzi na shahada na miwani. Sasa Moeroa aliolewa Matavera, na ndiye anayeongoza akina mama washonaji wa Matavera. Mke wangu Akevai anaongoza wa Titikaveka. Miezi kumi na moja wameinama juu ya shuka moja, machungwa na majani yake, kila chungwa limeshonwa kwa mkono. Tivaevae itakayoshinda inakwenda Auckland, itundikwe ukumbini mwezi mzima, pamoja na viti sita vya ndege kwa washonaji wake. Wapiga kura ni watu wetu walio ng'ambo, ambao ni wengi kuliko sisi tuliobaki.

Kwa hiyo mtoto wa mgombea anakabidhiwa sanduku la kura, na mbaya ni mimi. Nilikaa forodhani, bandari ya Avatiu, miaka thelathini na moja. Kila sanduku lina sakafu ya pili.

Jumanne, 3 Julai

Rouru kaja na pikipiki baada ya shule. Kasalimia vizuri mno. Kala sahani mbili za rukau, mboga ya majani ya magimbi kwa tui la nazi, na kumsifu Akevai. Nilimtazama macho yanakoelekea. Yalielekea kwenye rukau. Amefundishwa huyo.

Akaisoma skripti yangu, yaani yale maagizo ninayoipa kompyuta, mistari mia moja arobaini, kuanzia juu mpaka chini. Hakucheka. Akauliza kwa upole nani aliyenifundisha. Nikasema hakuna. Akasema, "Aa."

Halafu akaeleza. Kwamba mimi nimeiamrisha kompyuta kila jambo kwa kila kijiji: fungua Nikao, funga Arorangi, funga Matavera, funga huyu, funga yule, nikisahau kufunga mmoja, wawili wanapandana, na hapo ndipo yalipomkuta mtu wa Melbourne. Kikija kijiji cha sita itabidi niandike yote upya. Tena nimeficha kila kitu tangu mwanzo, kwa hiyo kompyuta isiyokubali skripti haionyeshi chochote. Huyo ndiye wa Sydney. Skripti yake yeye inapita kwenye vichupo vyote, viwe vitano au hamsini, inavifunga, kisha inakifungua kilichobofywa. Basi. Na kompyuta ikikataa skripti, vijiji vyote vinaonekana vimepangwa chini kwa chini, hakuna anayepotea.

Mgeni anayekuja mara ya kwanza atapokewa na kichupo cha Karibu, chenye picha moja ya kila kijiji. Akirudi siku nyingine, ukurasa utakuwa unakumbuka alipoishia na utamfungulia papo hapo. Na kitufe cha kura kinasoma jina la ndani la kichupo, si lile la nje wanaloliona watu.

"Umeelewa, mjomba?"

Nikasema nimeelewa. Kwa kweli nilikuwa nafanya hesabu. Skripti yake ina mistari ishirini na miwili. Yangu mia moja arobaini. Mistari mia moja na kumi na minane imekwenda wapi?

Jumatano, 4 Julai

Asubuhi nimekagua kazi yake. Nikapita kijiji kimoja kimoja. Ngatangiia wana picha tano. Nikao tano. Arorangi sita. Sisi sita. Matavera nikaiacha mwisho ili niichunguze kwa utulivu. Mananasi kwenye kitambaa cheupe. Saba. Nikahesabu tena. Saba. Ya saba ni ya akina mama wenyewe wamesimama na tabasamu, dada yangu katikati amevaa taji la maua kichwani kama vile ameshashinda. Nikafunga kompyuta kwa hasira.

Baada ya chakula cha mchana nikafungua tena. Nasema kweli tupu: ukurasa umefunguka Matavera. Si Karibu. Si Arorangi, ambayo ndiyo ya kwanza kwa alfabeti. Matavera! Dada yangu na taji lake ananikodolea macho ndani ya sebule yangu mwenyewe.

Nikafunga. Nikafungua. Matavera. Nikazima kompyuta kabisa, nikasubiri dakika kumi, nikawasha. Matavera.

Nikaenda kumwambia Akevai. Alikuwa sakafuni na wenzake watatu wanamalizia pindo. Alinisikiliza sindano ikiwa mdomoni, akaniuliza kama nimewalisha nguruwe.

Alhamisi, 5 Julai

Uchunguzi rasmi. Kwanza nilikwenda mjini maktaba, nikaomba kompyuta ambayo sijawahi kuigusa. Ikafungua Karibu, upole kabisa, kama haijui kitu. Nikaenda moja kwa moja Matavera kuona kama wameongeza picha. Hawajaongeza. Nikafunga, nikatoka nje kunywa maji, nikarudi, nikafungua: Matavera.

Maana yake ni moja. Mara ya kwanza hawakujua kuwa ni mimi. Mara ya pili walijua.

Nikapita kwa jirani yangu Papa Tutai, mtu pekee barabara hii anayeweza kutunza siri, kwa sababu hasikii vizuri. Nikamwomba afungue ukurasa kwake. Ukafunguka Nikao. Akasema kwa sauti ya juu kwamba kwake huwa ni Nikao kila siku, na yeye anapenda, kwa sababu binti yake yumo kwenye picha za huko, naye humwangalia asubuhi na jioni.

Basi Nikao nao wamo. Ni vijiji viwili vimeungana. Nimeandika orodha. Nimeificha ndani ya kopo la sukari.

Ijumaa, 6 Julai

Rouru amepanda ndege kwenda Aitutaki na wasichana wa shule, mechi za netiboli, wiki nzima. Anaondoka wiki ileile ya kura. Nilipokuwa forodhani, mwenye mzigo akisafiri ghafla tulikuwa tunaufungua mzigo.

Neno la siri bado ninalo. Hakuna aliyeniomba nilirudishe. Nikaingia.

Ile mistari ishirini na miwili nimeisoma mara nane. Sikuona uovu wowote, jambo ambalo linaonyesha jinsi alivyouficha. Nikaamua kutoigusa. Nikafikiria kwa njia nyingine, na hapa naomba niseme kwamba nimejishangaa. Kama wamepanga Matavera ifunguke kwanza, na ifunguke! Ila ndani yake watu watatukuta sisi.

Kila kichupo kina majina mawili: la nje, lililoandikwa kwa watu, na la ndani, linalosomwa na kompyuta. Kwenye chumba ambacho ndani kinaitwa Matavera nimetia picha zetu za machungwa, na nje nimeandika Titikaveka. Kwenye chumba chetu nimetia mananasi yao na kuandika Matavera. La ndani sikuligusa. Nani anatazama la ndani?

Nikafunga. Nikafungua. Titikaveka! Machungwa kioo kizima. Nikafungua mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja ni Titikaveka. Kwa Papa Tutai bado ni Nikao, lakini hao nitawashughulikia baadaye.

Jioni nimekula bakuli mbili za ika mata, samaki mbichi wa ndimu na tui la nazi. Akevai akauliza kuna nini. Nikasema mambo ya kijiji.

Jumamosi, 7 Julai

Soko la Punanga Nui. Dada yangu Moeroa alikuwa na meza ya firifiri. Aliniita, akanijazia mfuko wa maandazi hayo ya moto, akakataa kulipwa. Akauliza habari za mgongo wangu. Akasema machungwa ya Akevai ni kazi nzuri kuliko zote alizoziona mwaka huu, na yeye mwenyewe anajua hivyo.

Mtu hamsifu mpinzani wake bila sababu. Nikachungulia ndani ya mfuko. Firifiri tu. Nikala moja njiani kama jaribio. Nikala nyingine tano.

Sijasahau mambo. Mama yetu alipofariki tulimzika na tivaevae yake bora, kama ilivyo desturi. Ya pili, ile ya maua ya zambarau, alimwachia Moeroa. Mimi, mtoto wa kiume wa pekee, niliachiwa redio. Miaka kumi na tisa sasa, na hakuna aliyewahi kunieleza.

Jumatatu, 9 Julai

Kampeni. Nimepiga simu Auckland, Sydney, Melbourne, Brisbane, hata Tokoroa kwa yule binamu ambaye hatusemezani. Kila anwani ya barua pepe ni kura moja, kwa hiyo nimewaambia wafungue anwani hata za bibi zao walio hai. Nimesisitiza: ingia, bofya kichupo kilichoandikwa Titikaveka, tazama machungwa, piga kura. Msibonyeze kitu kingine chochote.

Hadi jioni watu sitini na mmoja wameniapia kwamba wamepiga. Nimewaandika wote. Binamu wa Tokoroa amepiga na ameniomba msamaha wa mambo ya mwaka 1994, ambao mimi ndiye nilitakiwa kuuomba. Sikumsahihisha.

Wanahesabu kamati peke yao, mpaka Ijumaa hakuna anayeona idadi. Siihitaji. Naiona usoni mwa Akevai. Wanawake wamemaliza pindo. Wameitandika kitandani kwetu, wakasimama kuizunguka. Kisha mmoja akaanza kuimba na wote wakafuata. Nilisimama mlangoni. Nilitaka kuwaambia kwamba nami nimeshona kipande changu, ila kazi yangu ni ya siri.

Jumatano, 11 Julai

Moeroa kapiga simu. Kasema kichupo chao kimehamia mwisho na chetu kimeingia katikati, na je, nina habari. Nikasema ni alfabeti. Akauliza alfabeti ipi inaweka T kabla ya M. Nikasema ya zamani.

Akasema atamngoja Rouru arudi, mtandao wa Aitutaki ukiwa umelala tangu Jumatatu. Hakuonekana kukasirika. Hilo ndilo lililonisumbua. Mtu aliyeonewa hukasirika. Asiyekasirika ana kitu mfukoni.

Nimetoa orodha kwenye kopo la sukari, nikaongeza nyota mbili mbele ya jina lake. Orodha inanata.

Ijumaa, 13 Julai

Naandika haya nikiwa na sikio moja mlangoni.

Ukumbi ulijaa. Tivaevae zote tano zimetundikwa, watu wamevaa mataji ya maua, viazi vyekundu vya mayonezi mezani, magimbi ya taro, kuku, kila kitu. Nimevaa shati langu la buluu lenye maua, lile la sherehe. Nilikaa mbele ili niweze kusimama haraka nikiitwa. Kiti cha sita cha ndege kilikuwa changu, cha kubeba mzigo.

Mama Upokoina akasoma kutoka chini kwenda juu. Nikao, kura tisini na nne. Ngatangiia, mia moja na sita. Arorangi, mia moja thelathini. Nikaanza kuinuka. Titikaveka, mia moja tisini na tatu. Nikabaki nusu nimeinuka. Matavera, mia tatu na kumi na nane.

Watu wa Matavera hawakupiga kelele. Walitazamana. Upande wetu nikasikia mtu anavuta pumzi, na nilijua ni Akevai bila kugeuka. Alikuwa anatazama machungwa yake ukutani kama mtu anayetazama basi linaloondoka. Kisha akasimama, akavuka ukumbi, akambusu Moeroa shavuni. Moeroa akamshika mkono, hakuuachia.

Mimi nilikuwa nahesabu. Sitini na mmoja walioniapia, wamekwenda wapi? Nikasimama nikasema kwa sauti kwamba kura zimeibiwa na ninaweza kuthibitisha, nina orodha.

Hapo ndipo sauti ilipotoka nyuma. Rouru, begi la safari bado begani, amefika na ndege ya saa tisa.

"Mjomba yuko sawa," akasema. "Zimehamishwa."

Sijawahi kumpenda mtoto wa mtu kama nilivyompenda kwa dakika ile.

Akafungua kompyuta yake juu ya meza ya viazi. Akaeleza polepole, kama darasani. Kwamba mama yake alimpokea uwanja wa ndege, akamwambia vichupo vimebadilishana nafasi. Kwamba alitazama na kukuta, tangu Ijumaa iliyopita saa nane na dakika arobaini mchana, picha na majina ya vijiji viwili yamebadilishwa nje lakini ndani yamebaki. Kwamba kitufe cha kura kinasoma jina la ndani. Kwa hiyo tangu saa ile, kila aliyetazama machungwa akapiga kura, kura yake iliandikwa Matavera. Na kila aliyependa mananasi aliwapigia Titikaveka. Kila kura ina saa yake, zinaweza kurudishwa kwa wenyewe bila shida.

Akazirudisha palepale, watu wakichungulia juu ya bega lake. Titikaveka, mia mbili tisini na saba. Matavera, mia mbili na kumi na nne.

Ukumbi ukalipuka. Akevai akakaa chini. Wanawake wakamwangukia. Nilikuwa napiga makofi kuliko wote mpaka Mama Upokoina aliponyoosha mkono na watu wakatulia.

"Rouru," akasema, "ni nani aliyeingia Ijumaa saa nane na dakika arobaini?"

Rouru akanitazama. Naomba iandikwe kwamba alisita. Lakini Papa Tutai, ambaye hasikii vizuri na kwa hiyo hajui kunong'ona, alikuwa ameshamgeukia mkewe. "Si ndiyo siku Taoro alikuja kwetu kukagua kama sisi tuko Nikao?"

Jumamosi, 14 Julai

Akevai hajasema nami tangu jana, ila neno moja, "nguruwe".

Rouru amekuja mchana. Nilidhani amekuja kunicheka. Aliketi nami barazani, akafungua ukurasa, akanionyesha. Bofya Nikao, mjomba. Nikabofya. Funga. Nikafunga. Fungua. Ukafunguka Nikao. Bofya Arorangi, funga, fungua. Arorangi.

"Unakufungulia pale ulipoishia," akasema. "Nilikueleza Jumanne ile. Kwako ilikuwa Matavera kwa sababu wewe ulikuwa unaichungulia Matavera."

Nikauliza na kwa Papa Tutai? Akasema Papa Tutai anamwangalia binti yake.

Kisha nikauliza jambo lililokuwa linanikereketa tangu jana. Kijiji cha mama yake kilikuwa kimeshinda. Hakuna aliyejua. Angenyamaza tu, mama yake angekuwa anafunga mizigo. Kwa nini alisema?

Akanitazama kama hakulielewa swali. Akasema, "Kura hazikuwa zetu."

Akaondoka. Nimelifikiria jibu hilo saa tatu nzima. Ni jibu fupi mno. Mistari yake pia ni mifupi. Kuna kitu anakipunguza huyo.

Jioni Moeroa naye akapita. Hakukaa. Alisema kamati imeninyang'anya kiti cha ndege, na Akevai ameomba apewe yeye, Moeroa. Wameshakubaliana, wifi na wifi, watalala chumba kimoja. Nikasema hongera. Nikasema nimezoea, vitu vyote vya familia hii huishia kwake, kuanzia tivaevae ya zambarau ya mama.

Dada yangu, miaka sitini na mitatu, akageuka akanikazia macho.

"Taoro," akasema. "Ile ya kwako mama alikupa akiwa hai. Ya majani ya mshelisheli. Uliifunikia injini ya pikipiki."

Nilikuwa nimesahau. Ilikuwa msimu wa mvua. Injini ilikuwa mpya.

Akasema mama aliifua mara tatu, mafuta hayakutoka, na hakusema neno kwa mtu yeyote. Alihifadhi kile kipande kilichobaki safi, akakishona kuwa foronya. Nikauliza foronya iko wapi. Akasema, "Ndiyo unayolalia, mjinga wewe. Tangu alipokufa."

Nikaenda kuitazama. Ni kweli ina jani la mshelisheli kwenye pembe. Nimeilalia miaka kumi na tisa. Nilikaa kitandani nayo mapajani mpaka Akevai alipokuja kuniita kula. Aliniita kwa jina langu.

Alhamisi, 19 Julai

Uwanja wa ndege. Wanawake sita, mataji ya maua mpaka masikioni, tivaevae imekunjwa ndani ya mkeka kama mtoto. Akevai hakutaka ipande na mizigo, akaibeba mikononi. Aliniachia taro iliyopikwa ya siku tatu na maagizo ya nguruwe yaliyoandikwa kwa herufi kubwa. Kisha akarudi tena kutoka mlangoni, akaniwekea taji lake kichwani, akasema nisiguse kompyuta ya mtu yeyote.

Nikaahidi. Na nilimaanisha. Ndege ilipopaa nilipunga mkono peke yangu kwenye uzio, nikawaza kwamba nimekuwa mtu wa kushuku bila sababu, tena ndugu wa damu yangu, na kwamba kuanzia leo nitakuwa mtu mwingine.

Neno la siri limebadilishwa. Nilijaribu mara moja tu, kuhakikisha kuwa ukurasa uko salama.

Jumapili, 22 Julai

Kanisani nimeimba vizuri. Mchungaji alihubiri juu ya kusamehe, akanitazama mara nne.

Akevai amepiga simu jana. Machungwa yametundikwa karibu na mlango mkuu, kila anayeingia anasimama. Bibi mmoja wa Mangaia alilia. Moeroa ameshikwa na mafua na Akevai anampikia supu. Nimefurahi. Nasema hivyo bila kuficha kitu.

Habari nyingine ni kwamba nimepata kazi. Binamu yetu Ngametua wa Hastings anapanga mkutano wa ukoo mzima wakati wa Krismasi na anataka ukurasa wa familia, wenye vichupo, kila tawi na lake, picha na majina ya watoto. Rouru alijitolea, lakini nikamwandikia Ngametua kwamba Rouru ana kazi nyingi shuleni. Nadhani anazo. Nimeujenga kwa siku mbili, kwa amani kabisa. Kwa tawi la mama yetu kuna vichupo viwili: Taoro na Moeroa. Cha kwangu kiko kwanza. Sikumpendelea mtu, nimefuata ukaribu wa makazi na kaburi la mama, na mimi niko mita mia mbili. Cha Moeroa nimekiwekea utaratibu mdogo: hakifunguki mpaka umesoma changu hadi mwisho. Ni kwa faida ya msomaji, asichanganye mambo.

Leo baada ya ibada Ngametua ameniandikia. Anasema ukurasa ni mzuri, anashukuru, ila amebofya kichupo cha Moeroa mara nyingi na hakifunguki. Je, kuna kasoro?

Nimemjibu kwamba kasoro iko kwenye kompyuta yake. Na nimemuuliza swali moja tu, kwa heshima zote za ukoo: kwa nini alikuwa anakitafuta?